Picha za vita vya Bushiri: zisome kwa jicho la mpelelezi

Huenda umekutana nazo mtandaoni au kwenye slaidi za darasani: zile picha nyeusi na nyeupe za vita vya pwani yetu vya 1888–1889, Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Moshi, minazi, bunduki. Wengi huzitazama kama picha za kamera. Nyingi ni za kuchongwa, na tofauti hiyo ina uzito.

Hebu tuone zilivyotengenezwa. Magazeti ya picha ya Ulaya yalichapa kwa vibao vya mti mgumu, uliokatwa kama unavyokata muhogo vipande vya duara. Mti wenyewe una shina jembamba, hivyo picha kubwa ilihitaji vibao kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Vikifunguliwa, kila mchongaji anachukua chake na kazi inaisha haraka. Ikuze picha kwenye simu yako: wakati mwingine utaona mstari mwembamba mweupe unaokata anga. Hapo ndipo vibao vilipokutana.

Sasa fikiria muda. Waya wa telegrafu ulifika Zanzibar mwaka 1879. Habari kwamba kamanda Hermann von Wissmann ameshambulia boma la Bushiri karibu na Bagamoyo, tarehe 8 Mei 1889, iliweza kufika Ulaya upesi. Mchoro wa aliyeshuhudia ulipanda meli, wiki kadhaa. Gazeti lisilotaka kusubiri lilimwachia msanii wa huko huko ajaze pengo kwa mawazo yake.

Lakini udhaifu mkubwa si minazi iliyokosewa. Ni kwamba mara nyingi Mzungu anapewa sura, Waafrika wanabaki kundi. Kumbe askari wengi wa Wissmann walikuwa Waafrika: Wasudani walioajiriwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Na vita ambavyo Wajerumani waliviita "maasi ya Waarabu" vilipiganwa pia na wenyeji wa Mrima.

Linganisha na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga kuhusu vita hivyohivyo. Nao una upande wake, ila humo watu wa pwani wana majina na wanasema.

Je, tuzitupe picha hizi? Hapana. Ni ushahidi mzuri wa kile wasomaji wa Ulaya walichouziwa. Ukiiweka moja kwenye slaidi, andika chini yake: nani alichora, gazeti gani, tarehe gani. Kama huna majibu hayo, usiwaambie wenzako kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa.