Tahakiki: Bootstrap na Kiswahili kilichomo

Walimu wa lugha tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na vitabu vya kiada. Programu za kompyuta tunawaachia mafundi. Muhula uliopita idara yetu ilipoamua kutengeneza tovuti ndogo ya ratiba ya majaribio na mazoezi ya sarufi, niligundua kwamba desturi hiyo ina hasara. Makala haya yanahakiki nyenzo tulizotumia kama ambavyo tungehakiki kitabu cha darasani.

Bootstrap ni maktaba ya vijenzi vya kiolesura, yaani mkusanyiko wa vipande vilivyokwisha kuundwa: vitufe, menyu, fomu, majedwali na vidirisha vya onyo. Ilitolewa kwa umma mwaka 2011 na watumishi wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton. Ni programu huria. Leseni yake, inayoitwa MIT, inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza bila malipo. Kwa idara isiyo na fungu la kununulia programu, hilo peke yake ni sababu ya kuitazama.

Usakinishaji

Hapa sifa zake ni za haki. Unapakua faili mbili, moja ya mtindo na moja ya matendo. Zikiwa zimebanwa, zote mbili kwa pamoja hazifiki nusu megabaiti. Unaziweka kwenye seva yako na kuziita kwa mstari mmoja mmoja ndani ya ukurasa. Kwa kuwa ziko kwako, ukurasa unafanya kazi katika maabara hata intaneti inapokatika. Unajipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo, na wanafunzi wetu wengi huusoma kwenye simu.

Hata hivyo, kielelezo cha kuanzia kinautambulisha ukurasa kuwa wa Kiingereza kwa alama "en". Badilisha iwe "sw" kabla ya jambo lingine lolote, maana programu za kuwasomea wasioona huitegemea alama hiyo kuchagua matamshi. Tafuta pia maneno ambayo macho hayayaoni. Mifano ya vijenzi ina "Close", "Previous" na "Next" zilizofichwa kwa ajili ya programu hizohizo. Usipoandika "Funga", "Iliyotangulia" na "Inayofuata", mwanafunzi asiyeona atasikia Kiingereza katikati ya somo la Kiswahili, na wewe hutajua.

Lugha ya kalenda

Bootstrap yenyewe haina kalenda ya kuchagulia tarehe. Tuliongeza bootstrap-datepicker, ambayo ni huria pia na ina faili ya Kiswahili. Majina kamili ya siku na miezi ni sahihi. Vifupisho vya siku ni J2, J3, J4, J5, Alh, Ij na J1. Aliyevibuni anaijua lugha: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, na hesabu inaendelea hivyo. Lakini katika umbo fupi zaidi, herufi J inaondolewa na vichwa vya safu vinabaki 2, 3, 4, 5, A, I, 1 juu ya tarehe ambazo nazo ni tarakimu. Mwanafunzi anayejifunza lugha hawezi kujua ipi ni siku na ipi ni tarehe. Tulirudisha ile J.

Kasoro kubwa ilikuwa katika Moment.js, maktaba ya kuandikia muda tuliyoiunganisha na kalenda. Katika nakala niliyoisakinisha, muda wa saa moja umeandikwa "saa limoja". Nomino "saa" iko katika ngeli ya I-ZI, na hata ngeli ya LI-YA haina "limoja", kwani tunasema jicho moja. Wakati uliopita umeandikwa kwa "tokea", kwa hiyo ujumbe wa saa tatu zilizopita unasomeka "tokea masaa 3". "Masaa" lina watetezi wake na sitaligombania hapa. "Limoja" halina mtetezi.

La hatari zaidi halina kosa la sarufi. Maktaba hiyo huandika "kesho saa" kisha ikaweka tarakimu za saa ya kimataifa, 08:00. Katika majaribio yetu, mwanafunzi mmoja aliusoma ujumbe huo akauliza: "Mwalimu, saa nane ni baada ya chakula cha mchana?" Alisoma Kiswahili sawasawa. Hapa Uganda hata Luganda huhesabu hivyohivyo: ssaawa bbiri ni saa mbili asubuhi. Laiti ingekuwa ratiba ya mtihani halisi, angefika saa sita baada ya wenzake kuingia.

Tulirekebisha kwa kanuni fupi. Toa 6 kwenye saa ya kimataifa. Jibu likizidi 12, toa 12. Likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Kisha andika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Sasa ukurasa unasema "kesho saa 2:00 asubuhi".

Uamuzi

Bootstrap naipendekeza kwa idara yoyote yenye mtu mmoja anayejua kuandika ukurasa wa wavuti. Moment.js siipendekezi kwa kazi mpya. Watengenezaji wake wenyewe walitangaza mwaka 2020 kwamba hawataiendeleza zaidi ya kuitunza. Na chochote mtakachochagua badala yake, fungueni faili ya "sw" muisome kwa kalamu nyekundu kabla ya kuisakinisha.

Wanafunzi huamini kilichoandikwa kwenye kioo kuliko maelezo ya mwalimu ubaoni. Aliyeandika "limoja" alijitolea bila ujira, na simlaumu. Wenye kulaumiwa ni sisi tunaofundisha ngeli kila muhula, na faili hizo ziko wazi kwa yeyote kupendekeza sahihisho. Napendekeza zoezi la kwanza la darasa la tafsiri muhula ujao liwe hilo: kila mwanafunzi na faili moja, na kila sahihisho lirudishwe kwa wenye programu.