Gundi ya Wahifadhi wa Vioo

Wahifadhi wa vioo vya kale wanastahili pongezi kwa uangalifu wao katika kuchagua gundi, kwani kioo hakifyonzi kitu na mwanga hufichua kila ufa. Chombo cha Portland, chombo cha kale cha kioo kilichovunjwa mwaka 1845 katika Makumbusho ya Uingereza, kiliungwa mara tatu. Gundi ya mara ya pili ilipogeuka manjano na kukatika-katika, wahifadhi Nigel Williams na Sandra Smith walikiunga upya, wakamaliza mwaka 1989, kwa epoksi, yaani gundi ya viambato viwili vinavyogandishana. Epoksi nyepesi, ikidondoshwa kwenye ufa wa vipande vilivyoshikizwa kwa utepe, hujipenyeza yenyewe hadi ndani, na ikipinda mwanga sawa na kioo, mshono hufifia. Paraloid B-72, gundi ya akriliki, ni dhaifu zaidi, lakini huyeyuka tena kwa asetoni, na kwa kuichagua mhifadhi humwachia fundi ajaye nafasi ya kurekebisha.