Tarishi na Msitu wa Mizuka: Kazi ya Amos Tutuola

Msomaji, ukiulizwa mtungaji wa hadithi za ajabu huzipata wapi ajabu zake, yamkini utajibu kwamba huzipata ndotoni, au kwamba huipa kisogo dunia hii akaingia katika dunia nyingine. Jibu hilo lina sura nzuri, lakini halitoshi. Yafaa tulipime kwa maisha na kazi ya mtu mmoja, Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye vitabu vyake vimejaa mizuka, mafuvu yaendayo mbio, na watu waliouza mauti yao.

Tutuola alizaliwa mwaka 1920 mjini Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba. Baba yake alikuwa mkulima wa kakao. Alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi alitolewa kwao akapelekwa kumtumikia mtu mwingine, na badala ya mshahara akasomeshwa. Baba yake alipofariki mwaka 1939 masomo yalikoma, naye alikuwa amekaa shuleni miaka michache tu. Alijaribu kilimo, hakikumfaa. Akajifunza uhunzi, akaufanya katika jeshi la anga la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita alipata kazi ya utarishi katika Idara ya Kazi mjini Lagos. Utarishi ni kazi ya kungoja: barua ikiwapo hupelekwa, isipokuwapo tarishi hukaa kitako. Tutuola hakupenda kukaa bure, basi alitwaa karatasi akaandika. Kwa siku chache tu alimaliza rasimu ya kitabu kilichochapishwa London mwaka 1952, The Palm-Wine Drinkard, yaani Mlevi wa Tembo.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno ya kukisimulia kitabu hiki: tembo na mgema. Msimulizi ni mtoto wa tajiri, asiyejua kazi ila kunywa. Baba yake amempa shamba la michikichi 560,000 na mgema wake mwenyewe, ambaye humgemea mapipa 150 kila asubuhi na 75 kila jioni. Siku moja mgema aanguka kutoka juu ya mti, akafa. Rafiki wote watoweka. Mlevi aondoka kwenda kumtafuta mgema wake katika Mji wa Wafu, na safari hiyo ndiyo kitabu.

Sasa tutazame namna alivyotunga. Mali ghafi ya Tutuola ni ngano za Wayoruba alizozisikia utotoni, na mbele yake alikuwako D. O. Fagunwa, aliyekwisha kuandika kwa Kiyoruba, mwaka 1938, hadithi ya mwindaji katika msitu wa mizuka. Hata wewe huenda umeisikia ngano ya binti aliyekataa wachumba wote, kisha akamfuata mgeni mzuri asiyejulikana kwao. Katika masimulizi mengi mgeni huyo ameazima viungo vyake. Kwa Tutuola amevikodi. Njiani huvirudisha kimoja kimoja kwa wenyewe, mguu, mkono, hata ngozi, na kila kimoja hukilipia kodi, mpaka likabaki fuvu tupu.

Mahali pengine, kabla ya kuingia katika hatari, mlevi na mkewe wauza mauti yao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao waikopesha kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kila mwezi. Watokapo, hofu warudishiwa, kwa kuwa ilikopeshwa tu. Mauti hawawezi kuyadai, kwa kuwa yameuzwa. Tangu hapo waogopa, lakini hawafi. Hapo ndipo ulipo ustadi wake. Ajabu moja ikikubaliwa, matokeo yake hufuatwa kwa hesabu kamili, kama daftari la mweka fedha. Tarishi huyu hakuikimbia ofisi alipoandika. Aliingia nayo msituni, pamoja na saa zake, maili zake na stakabadhi zake.

Kitabu chake cha pili, My Life in the Bush of Ghosts, kilitoka mwaka 1954. Humo mtoto wa miaka 7 apotea katika msitu wa mizuka, akakaa huko miaka 24. Kumbuka umri ambao mtungaji mwenyewe alitolewa kwao. Katika msitu huo yuko mzuka wa kike mwenye televisheni kiganjani, na ndani yake mtoto amwona mama yake. Televisheni yenyewe ilifika Ibadan mwaka 1959! Lakini kilichomo katika kiganja kile si mtambo tu. Ni hamu ya mtoto aliyetengwa na kwao.

Kitabu cha kwanza kilizusha ugomvi. Mshairi Dylan Thomas alikisifu katika gazeti la London mwaka ule ule wa 1952. Nyumbani, wasomi wengi walikasirika: Kiingereza chake, walisema, ni cha mtu asiyefundishwa, na wageni watapata cha kutuchekea. Malalamiko hayo hayakuwa upuuzi, kwa maana nchi ilikuwa ikidai uhuru, na baadhi ya sifa za wageni zilikuwa sifa apewazo mtoto. Hata hivyo walikosea jambo moja. Sentensi za Tutuola zina mwendo wa Kiyoruba na sauti ya msimulizi aliye mbele ya wasikilizaji wake. Usidhani kwamba nakupa ruhusa ya kuharibu sarufi katika insha zako. Kosa la mwanafunzi huficha maana. Tutuola, hata sarufi ikiyumba, hakuachi gizani usijue ni nani amefanya nini. Mwaka 1977 Chinua Achebe alitoa mhadhara akionyesha kwamba kitabu hiki ni fundisho zito juu ya kazi na anasa.

Kasoro zipo pia. Visa hufuatana kama shanga zilizotungwa katika uzi mwembamba. Ukiondoa kimoja, vingine havitikisiki. Tena mlevi habadiliki sana moyoni, na msomaji huweza kuchoka kabla ya kufika Mji wa Wafu.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tutuola alisifiwa na kulaumiwa, lakini aliendelea kuandika kwa sauti yake huku akifanya kazi za kawaida, mpaka alipofariki Ibadan mwaka 1997. Basi, ukitaka kutunga hadithi ya ajabu, anza na ngano uliyosikia nyumbani na kazi unayoiona kila siku. Kisha iulize ajabu yako maswali ya karani: ni kiasi gani, kwa muda gani, na nani atalipa?