Tumbo jeupe limemwangusha grifini

Grifini yule, kisanamu cha mnyama mwenye kichwa cha ndege na mwili wa simba ambacho fundi mmoja alikipaka kwenye video, alikuwa amekwisha kukamilika. Kabla fundi hajafungua kopo la rangi ya Ushabti Bone alikuwa na kazi ya kupeleka kwenye shindano lolote, na ninyi mlioitazama video mpaka mwisho mmeona kilichofuata. Alianza kifuani kwa Ushabti Bone, akateremka tumboni kwa Screaming Skull, akamalizia ndani ya mapaja kwa White Scar. Makopo matatu, moja jeupe kuliko jingine, juu ya sehemu ambayo tangu mwanzo ilikuwa imetengwa iwe kivuli. Sababu aliyoitoa ni kwamba simba wa kweli ana tumbo jeupe.

Analo, lakini tazameni weupe ule unafanya kazi gani. Mwaka 1896 mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer alieleza kanuni ambayo kila anayepaka visanamu vya wanyama angepaswa kuijua kabla ya kununua brashi. Jua hupiga mgongo na kuliacha tumbo gizani, na tofauti hiyo ndiyo inayolijulisha jicho kwamba mbele yake kuna kiwiliwili cha mviringo, chenye uzito. Mnyama aliyekoza mgongoni na kufifia tumboni anaifuta tofauti hiyo: mgongo unapunguza mwanga, tumbo linapunguza kivuli, na umbo zima linalala bapa nyasini. Kwa maelezo ya Thayer, basi, tumbo jeupe ni njia ya kujificha. Sisi tunapaka ili mnyama aonekane na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza. Kukopa kwa simba ile hila inayompoteza machoni ni kosa la msingi, na kuliita uhalisia hakulipunguzi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fundi huyu kanuni anaijua. Alipiga praima nyeusi pande zote, kisha akapuliza nyeupe kutoka juu, zenitali safi kabisa, eabrashi ikiwa imeinama vizuri. Kivuli cha tumbo kilikuwepo kabla ya tone la kwanza la rangi. Glezi za XV-88 mgongoni zilikiheshimu, woshi ya Seraphim Sepia ikakitia joto. Kisha akakifukia. Kisanamu kidogo hakina ukubwa wa kujitengenezea kivuli kinachotosha chini ya taa ya sebuleni. Kivuli lazima kipakwe. Ukikiondoa kwa mkono wako, hakuna taa itakayokirudisha.

Najua wapo watakaosema tumbo halionekani mezani. La grifini anayetembea kwa miguu minne, sawa. Huyu amechongwa akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha za mbele zimekunjuliwa, na kifua na tumbo ndivyo vinavyomkabili mtazamaji. Ni uso wa pili wa kisanamu.

Na hapo ndipo uamuzi ule unapoharibu hata kilichokuwa kizuri. Kichwa amekipaka kwa kumfuata furukombe: manyoya meupe, ngozi ya manjano kuzunguka macho, mdomo wa manjano wenye ncha nyeusi. Chaguo la akili, kwa sababu weupe wa kichwa unalivuta jicho juu, mahali palipo na hasira ya mnyama. Lakini weupe unavuta pale tu ulipo peke yake. Sasa mbele yote ya grifini ni nyeupe kuanzia utosini hadi mapajani, na jicho linateleza bila pa kushika. Jibu alikuwa nalo kwa ndege yuleyule. Aliyesimama ukingoni mwa Naivasha au Ziwa Victoria akamtazama furukombe juu ya mti amemwona alivyopangwa: kichwa na kifua cheupe, kisha tumbo la hudhurungi iliyoiva, kisha mabawa meusi. Weupe unakatwa na giza, ndiyo maana kichwa kile kinaonekana kutoka mbali sana. Amechukua kwa ndege nusu aliyoipenda, akaacha nusu inayoibeba.

Mabawa ni mazuri, na kitako ni kisafi.

Nimekwisha kuandika, na nitaandika tena, kwamba rangi za Contrast zilipoingia mwaka 2019 zilileta mazoea ya kuiachia rangi itafute kivuli yenyewe. Kwenye manyoya na magamba inakipata, kwa sababu kuna mifereji ya kuingia. Tumbo la grifini huyu limechongwa laini, halina mfereji hata mmoja. Mahali kama hapo mkono ndio unaoamua giza likae wapi, na mkono uliozoea kuamuliwa unakimbilia picha ya simba kwenye simu.

Mike McVey na wenzake wa kikundi cha wapakaji wa visanamu cha 'Eavy Metal, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, walipaka kwa rangi zinazopiga kelele, nyekundu na kijani kali, na leo vijana wanaziona za kitoto. Watazame tena. Kila sehemu imetengwa na jirani yake kwa mstari wa giza, na mwanga umewekwa ukingoni kwa makusudi. Unakisoma kisanamu ukiwa umesimama mlangoni. Mchoraji John Blanche yeye alienda njia nyingine, kahawia juu ya kahawia na nyekundu kidogo, lakini rangi ya mfupa kwake ilikuwa ya kuhesabiwa. Hakuna aliyekuwa akimwaga nyeupe kwa sababu mnyama fulani mbugani anayo. Na enzi za Devlan Mud, kabla haijaondolewa mwaka 2012, hata mwanagenzi alilipitishia tumbo woshi ile chafu ya kahawia na kupata uzito ambao grifini huyu ameukosa.

Kosa la fundi wetu bado linarekebishika. Vanishi aliyopiga ni ya mati, kwa hiyo rangi itashika juu yake. Apake Rhinox Hide iliyozimuliwa hadi karibu maji, glezi tatu au nne, ya kwanza kutoka kinenani hadi chini kidogo ya kifua na kila inayofuata ikiishia chini zaidi. Kifua abaki nacho cheupe. Mpaka kati ya manyoya ya ndege na ngozi ya simba autie Agrax Earthshade kwa ncha ya brashi, na ndani ya mapaja ile White Scar ifunikwe yote.