Adabu za Don Vincenzo

Katika fani zote za kuchekesha, iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kumchekesha mtu juu ya jambo analoliogopa. Nami sijaona walioimudu kwa ustadi kama mafundi wa sinema wa Italia katika miaka ya 1950 na 1960, ambao walizichukua habari za majambazi na wauaji, zilizozoeleka kusimuliwa kwa ngurumo za bunduki, wakazisimulia wao kwa taadhima, kwa salamu ndefu na kwa kubusu mikono ya wazee.

Mario Monicelli alitangulia mwaka 1958 kwa filamu ya I soliti ignoti, ambamo wezi maskini wa Roma wanapanga, kwa elimu kubwa na vyombo vibovu, kutoboa ukuta ili walifikie kasha la fedha, wakatoboa ukuta usio wenyewe, na mwisho wa ujambazi wao ukawa kuketi jikoni kula tambi na dengu za watu. Baadaye wakaja Franco Franchi na Ciccio Ingrassia, watoto wa Palermo walioanzia kuchekesha njiani, ambao mwaka 1964 walicheza I due mafiosi: Ciccio mrefu, mkavu, ana haiba ya kadhi, Franco mfupi, uso wake ukifinyangika kama unga uliokandwa. Wahakiki waliwadharau wawili hawa, na kwa hakika filamu zao, zilizopita mia, nyingi zilifanywa kwa pupa. Lakini aliyezaliwa Palermo, Sisilia, akathubutu kumcheza mafioso, jambazi wa mafia ya huko huko kwao, kuwa mjinga ana haki ya kuitwa hodari.

Walakini niipendayo zaidi ni Mafioso ya Alberto Lattuada, ya mwaka 1962. Alberto Sordi, mzaliwa wa Roma, anamwigiza Antonio Badalamenti, Msisilia aliyehamia Milan akawa msimamizi katika kiwanda cha magari, mtu wa saa na vipimo, anayerudi kisiwani kwao likizo pamoja na mkewe wa kaskazini na binti zao wawili. Kwa muda mrefu hapana jinai yoyote. Kuna chakula kisichokwisha. Kuna mke anayewasha sigara mezani akawaduwaza wakwe, kisha akajipatia mapenzi yao kwa kumwondoa wifi yake masharubu. Na kuna shamba ambalo baba yake Antonio anataka kulinunua, muuzaji akiwa mkaidi, mpaka mzee mmoja, Don Vincenzo, anapoingia kati kwa upole na ukaidi ukatoweka.

Hapo ndipo ustadi ulipo. Don Vincenzo hapazi sauti: hupokea zawadi, husikiliza shida za watu, huwatendea hisani, na mtazamaji, aliyekwisha kucheka hata akastarehe, hatambui kwamba kila hisani aliyoichekea ilikuwa deni, mpaka Antonio anapoambiwa aage nyumbani kuwa anakwenda kuwinda, akatiwa sandukuni na kusafirishwa kwa ndege hadi New York, amuue katika duka la kinyozi mtu asiyemjua. Shabaha yake, iliyotupendeza alipoionyesha mchezoni, kumbe ndiyo aliyochaguliwa kwayo. Na Sordi ni yule yule: uso ule wa mtu anayetaka kupendwa na kila mkubwa, uliotuvunja mbavu mezani kwa wazazi wake, haukuongezwa kitu ila hofu.

Likizo ikiisha, Antonio anarudi kiwandani, akamrudishia mwenzake kalamu aliyoondoka nayo kwa kusahau, na mwenzake akamsifu kwamba dunia ingekuwa njema lau watu wote wangekuwa waaminifu kama yeye. Sifa hiyo ingefaa katika mzaha wowote wa kawaida. Waandishi Age na Scarpelli, pamoja na Marco Ferreri na Rafael Azcona, waliiweka mahali ambapo kicheko kinamkaba mchekaji, naye Sordi, asiyetukonyeza hata kidogo, akaipokea kwa staha na kurejea kazini.