Poti Moja ya Gigabiti 40, Njia Nne za Kwenda Nyaramba

Poti ya gigabiti 40 kwenye swichi haijawahi kuwa kitu kimoja. Ndani yake mna njia nne, kila moja ikibeba gigabiti 10, na swichi huzifungamanisha ili data ionekane inatoka mahali pamoja. Kwa hiyo fundi anayejisifu kwamba ameigawa poti kubwa akapata ndogo nne, alichofanya ni kufungua kilichokuwa kimefungwa. Mkata ndizi wa Gusii hakuviumba vichane, alivikuta kwenye mkungu. Ukilielewa hili, nusu ya matatizo ya kazi hii yanakwisha kabla hujagusa kebo.

Na kazi yenyewe si ya vituo vikubwa vya data vya Nairobi peke yake. Sitarajii shule, zahanati wala Sacco yoyote ya Nyaramba, kule kaunti ya Nyamira, iombe gigabiti 40. Kinacholeta suala hili mashambani ni bei. Vituo vya data vya Ulaya na Marekani vilihamia gigabiti 100 na zaidi, swichi zao za gigabiti 40 zikamwagika kwenye soko la mitumba. Mtoa huduma mdogo wa Kisii au Nyamira huenda akaikuta moja kwa bei isiyomtisha. Tabu inaanza akishaifungua: mnara wa simu, ofisi ya kaunti, kiwanda cha chai, wote wanataka gigabiti 10 au chini yake, na swichi haina hata tundu moja la kuwatosha. Hapo ndipo poti huvunjwa.

Asili ya jambo hili ni kiwango cha IEEE 802.3ba cha mwaka 2010, kilichozaa gigabiti 40 na 100 kwa mpigo. Vifaa vya gigabiti 10 vilikuwa vimekomaa. Wahandisi wakaweka njia nne sambamba wakapata 40, wakaweka kumi wakapata 100. Baadaye ile 100 ikapunguzwa njia, zikawa nne za gigabiti 25, ndizo zilizomo kwenye moduli za QSFP28. Sehemu inayonifurahisha ni iliyofuata. Gigabiti 25 haikuwa kasi ya kuuziwa mtu, ilikuwa kipande tu ndani ya 100. Mwaka 2014 Google, Microsoft, Arista, Broadcom na Mellanox wakaungana kudai kipande hicho kisimame chenyewe, na mwaka 2016 IEEE ikakipa kiwango chake, 802.3by. Yaani mazoea ya kuvunja poti kubwa ndiyo yaliyoleta kasi mpya sokoni.

Turudi kwenye swichi ya mitumba. Si kila poti inakubali kuvunjwa, na muuzaji hatakuambia. Chukua Arista 7050QX-32, yenye poti 32 za QSFP+, yaani za gigabiti 40. Hesabu ya haraka inasema 32 mara nne ni 128. Haiwi hivyo. Zinazovunjika ni 24, ambazo hutoa poti 96 za gigabiti 10. Nane zilizobaki hukaa na 40 zao. Jumla 104, na ukomo huo unatoka kwenye chipu, ambayo ina idadi yake ya poti inazoweza kusimamia hata kama nguvu ya kupitisha data ingalipo. Binafsi nisingezililia hizo nane. Ndizo za kuunganishia swichi na swichi, au swichi na ruta kubwa. Watengenezaji wengine wana masharti yao: kuna swichi inayozima poti jirani ukivunja moja, kuna inayotaka kuzimwa na kuwashwa upya ndipo mabadiliko yashike. Soma mwongozo wa modeli hasa uliyonunua, kisha kazi hiyo uifanye usiku wateja wamelala. Ukishaamrisha, poti ya 5 hugeuka kuwa 5/1 hadi 5/4, na kila moja hupewa mipangilio yake kama poti kamili.

Hela nyingi hupotelea kwenye moduli ya mwanga. Moduli ya LR4 ina nne kwenye jina, basi mtu hununua akiamini atapata nyuzi nne za kuvunja. Kweli njia ni nne, ila zimo ndani ya jozi moja ya nyuzi, zikitofautishwa kwa urefu wa mawimbi: takriban nanomita 1271, 1291, 1311 na 1331. Zinatoka zimechanganywa, na kebo ya kuchanua, ile inayozitenganisha nyuzi za moduli moja ziende poti tofauti, haina pa kuzishika. Ile ya BiDi ndiyo kabisa. Kila uzi wa jozi yake hubeba gigabiti 20 kwa kila uelekeo, kwa hiyo kwenye nyuzi zake hakuna njia ya gigabiti 10 ya kuitoa. Zinazovunjika ni zile zinazopitisha kila njia kwenye uzi wake. SR4 ni mojawapo, lakini hutumia nyuzi za modi nyingi na hufika mita 100 kwenye OM3 au 150 kwenye OM4, masafa ya ndani ya jengo. Ya kazi ya mashambani ni PLR4: nyuzi za modi moja, hadi kilomita 10, na kila njia yake huelewana na moduli ya kawaida ya 10GBASE-LR iliyoko upande wa pili.

Moduli hiyo huingiziwa kiunganishi cha MPO chenye nafasi 12. Nne za mwanzo hutuma, nne za mwisho hupokea, nne za katikati hukaa bure. Uzi wa 1 huoana na wa 12, wa 2 na wa 11, na kuendelea. Kebo ya kuchanua hubadilisha nyuzi hizo nane kuwa jozi nne za LC. Moduli ina pini, kwa hiyo kebo iwe isiyo na pini. Kwa modi moja, uso wa kiunganishi hukatwa kwa mshazari wa digrii 8 na ganda lake kwa kawaida ni la kijani. Ukiulazimisha ule wa uso bapa, mwanga utapotea na huenda ukaviharibu vyote viwili. Kebo hii isitoke nje ya kabati. Iishie kwenye paneli ya fiba, na kutoka hapo kila jozi iungwe na nyuzi za kawaida za kebo inayopita kwenye nguzo au chini ya ardhi. Kuivuta MPO hadi barabarani ni kulipia nyuzi nne zisizofanya kazi.

Kabati lenyewe likae wapi? Awamu ya pili ya NOFBI, mkongo wa taifa, ililenga makao makuu ya kaunti zote 47, kwa hiyo mtu atafikiria kwanza Nyamira mjini au Kisii. Kutoka huko hadi Nyaramba, kipimo cha kilomita 10 kinahitaji umakini. Ni kilomita za kebo, na katika milima ya Gusii kebo hufuata barabara inayozunguka vilima. 10GBASE-LR imepangiwa upotevu wa desibeli 6.2 kwenye njia nzima. Ukikadiria 0.4 kwa kilomita, kilomita 10 zimekula 4, na kinachobaki ni cha viunganishi pamoja na viungio vya kila mahali ambapo kebo imewahi kukatwa na tingatinga la barabara. Ikizidi hapo, usilazimishe. Moduli ya 10GBASE-ER hufika kilomita 40, ila huhitaji poti ya SFP+, tundu la gigabiti 10, na mara nyingi hilo linamaanisha swichi ndogo ya pili pembeni mwa kubwa. Swichi hiyo ndogo itakuokoa pia kwa mteja mwenye ruta ya MikroTik yenye tundu la gigabiti 1 tu, maana poti nyingi zilizovunjwa haziteremki chini ya 10.

Kuna wanaouliza kwa nini taabu yote hii, ilhali fiba ya majumbani hugawa uzi mmoja kwa nyumba 32. Hiyo ni GPON, na humo mwanga hugawanywa kwelikweli. Kigawanyi cha 1 kwa 32 hula karibu desibeli 17, na wateja wote hushirikiana gigabiti 2.488 zinazoshuka na 1.244 zinazopanda. Kwa nyumba na maduka ya Nyaramba ningeichagua bila kusita. Lakini mashine ya GPON nayo inahitaji kulishwa, na njia ya gigabiti 10 iliyofunguliwa kutoka kwenye poti ya 40 ni chakula chake kizuri.

Jambo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha ni kufa pamoja. Njia nne zilizovunjwa bado zina moduli moja. Ikiungua, au mtu akichomoa kiunganishi kimoja cha MPO akisafisha vumbi, zote nne huzimika. Ukijenga pete ili Nyaramba ifikiwe kwa njia mbili, kisha ukaitoa 5/1 kuelekea mashariki na 5/2 kuelekea magharibi, pete hiyo ipo kwenye mchoro tu. Mguu mmoja utoke poti ya 5, mwingine poti ya 17, na ikiwezekana swichi tofauti. Vivyo hivyo hospitali na mnara wa simu inaoutegemea visikae kwenye moduli moja. Moduli moja ya akiba iwe kabatini, imeshajaribiwa, kwa sababu PLR4 haiuzwi katika kila duka la kompyuta la Kisii.