Mbwa Asemaye kwa Kinywa Chake

Mwanafunzi akitakiwa kuandika insha ya "Mimi ni Mbwa", mara nyingi huanza kwa malalamiko: amepigwa, amenyimwa chakula, kisha huwaasa binadamu. Huyo si mbwa, ni mhubiri aliyevaa mkia. (Nami nimewahi kumtia mbwa kinywani beti nzima za mawaidha, na ninajuta.)

Katika *Shamba la Wanyama*, kitabu cha George Orwell alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, watoto tisa wa mbwa huondolewa kwa mama zao, wakalelewa na nguruwe Napoleon hata wakawa walinzi wake. Mbwa hao ni mfano wa askari, na katika hadithi ya siasa mfano huo watosha. Lakini atakaye kusimulia utundu na matembezi hawezi kuwaazima.

Na amfuate mbwa wa Muleba atokapo kibanjani. Migomba imemfunika, mara nchi yafunguka: rweya, nyasi tupu na upepo. Bwana wake hutazama mandhari. Yeye hunusa ardhi. Msimu wa senene hurukia kila kirukacho, akarudi na matope hadi mkekani, wala hajui kuwa amekosa mpaka aione fimbo. Hapo ndipo penye ugumu: mwandishi sharti ajinyime ayajuayo. Mbwa hajui bei ya kahawa; ajua nani alipita njia ya kisimani alfajiri, na alichukua nini kapuni.

Mwalimu akikuta sentensi moja ya namna hiyo, aitunze kwa alama, hata kama insha haina funzo.